Bangi Iliyompiga Mama

Juzi tulikuwa na kikao cha harusi kwa jirani yangu hapa Soweto, Mbeya. Mimi ni fundi cherehani, na harusi za mtaa huu hazinipiti, maana sare zote za kamati huishia kwenye mashine yangu. Tulikuwa tumefika kwenye kipengele cha vinywaji, wajumbe wanabishana kwa raha kuhusu kreti za bia, mara harufu ikaingia dirishani. Nyuma ya nyumba ile kuna boma ambalo halijaezekwa, na vijana hupenda kujibanza humo. Mama mmoja akaziba pua kwa kitenge, akasema mvuta bangi hafai hata kusalimiwa. Kikao kizima kikamuunga mkono. Mbele ya mama huyo palikuwa na chupa tatu tupu za bia, na kwa jinsi alivyokuwa akiongea, ya nne ilikuwa njiani. Mimi nilibaki na soda yangu, kwa sababu harufu ile ilikuwa imeshanitoa pale na kunirudisha nyumbani.

Niseme ukweli wangu mapema, msije mkanishangaa mbele ya safari. Sivuti na sinywi. Lakini harufu ya bangi hunifanya nitabasamu kabla sijajizuia, na harufu ya pombe iliyolala mwilini mwa mtu hunikaza tumbo mpaka leo, mtu mzima mimi, mama wa watoto watatu. Najua kwa wengi wenu ni kinyume. Si kwamba nimekaa nikapima nikaamua hivyo. Pua yangu ilifundishwa nikiwa darasa la tatu, na ilifundishwa vibaya kwanza, ndipo ikafundishwa vizuri.

Kwetu ni kijiji kimoja si mbali na Kalenga, Iringa. Baba alikuwa fundi mwashi, na nyumba yetu aliijenga mwenyewe kwa matofali ya kuchoma, kona zake zimenyooka kiasi kwamba wageni walizipigapiga kwa mkono wakipita. Kwenye bonde nyuma ya nyumba kulikuwa na mianzi aliyotuachia babu, ile ya ulanzi. Kwa wasioijua kazi hiyo, mvua zikianza mianzi hutoa machipukizi manene, na mgema hukata ncha ya chipukizi na kuning'iniza hapo mbeta, yaani kipande cha mwanzi mkavu kinachokinga maji yanayodondoka. Asubuhi anamimina kilichopatikana, anakwangua ncha upya kwa kisu, jioni anarudi tena. Asiporudi, jeraha linakauka na chipukizi linagoma kabisa. Kazi hiyo haijui Jumapili wala msiba.

Mgema wetu alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba wa tumbo moja. Alikuwa hajaoa na aliishi kwenye chumba cha uani. Mimi nimerithi jina la bibi, mama yao mzazi, kwa hiyo Baba Mdogo aliniita mama, na aliniita hivyo kwa heshima kamili, akiinama kidogo kila alipotaka kunituma. Asubuhi alipopanda kutoka bondeni, mimi na wadogo zangu tulikuwa tumeshajipanga na vikombe. Ulanzi uliotoka kukingwa unaitwa mtogwa. Ni mtamu, umepoa kwa baridi ya usiku, una harufu ya majani mabichi, na watoto wote wa kijiji tuliunywa kabla ya kwenda shule bila mtu yeyote kuona ajabu. Ukikaa siku moja au mbili unabadilika, unakuwa mkali, unakwangua koo na kulevya. Huo ndio mkangafu, na huo ulikuwa wa wakubwa.

Baba Mdogo hakuwa anakunywa hata tone. Jioni akimaliza kugema alikaa pembeni ya mianzi, akasokota sigara yake na kuvuta taratibu huku akiangalia bonde. Karatasi alizosokotea zilikuwa kurasa za madaftari yangu yaliyojaa. Aliniomba kila nilipomaliza moja, akalipokea kwa mikono miwili, nami nilitembea kifua mbele nikiamini kwamba anayahifadhi kwa sababu najua sana hesabu. Koti lake lilikuwa na harufu nzito ya majani yaliyoungua. Nilidhani ndiyo harufu ya kazi yake, kama baba alivyonukia saruji. Nikipata homa nilipenda kufunikwa na koti hilo.

Sitaki kumfanya malaika. Aliacha shule kidato cha pili, na hakuna aliyejua vizuri kwa nini. Alisahau mambo. Siku moja ng'ombe wetu waliingia kwenye mahindi ya jirani wakala nusu ya shamba, na yeye amesimama palepale, anaangalia mawingu. Kuna binti mmoja wa kijiji cha jirani ambaye familia yake ilisubiri mshenga kutoka kwetu kwa misimu miwili, mpaka wakachoka, wakamwoza kwa mtu mwingine. Baba alimgombeza kwa hilo, na Baba Mdogo akajibu kwa upole kwamba alikuwa bado anafikiria. Ndivyo alivyokuwa. Kitu pekee alichokumbuka bila kukosa ni ile mianzi, asubuhi na jioni.

Na baba je? Mchana baba alikuwa mtu wa kujivunia. Aliimba akipanga matofali, alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Wakatoliki, na watu wakigombana mpaka wa shamba walimwita awapatanishe. Jioni alipita kilabuni. Akirudi tulimjua kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni, na mama aliondoa sufuria mekoni haraka, maana maji ya moto na mtu wa namna ile havikai pamoja. Alimpiga mama. Alimpiga kwa sababu chakula kimepoa, au kwa sababu kina moto, au kwa sababu mama ameuliza. Nilikuwa nawachukua wadogo zangu tunaenda kukaa chumbani kwa Baba Mdogo, na yeye alitufunika na lile koti akawa anatutegea vitendawili kwa sauti kubwa ili tusisikie. Tulisikia. Yeye naye alisikia, na hakutoka. Hilo nalo lazima niliseme, kwa sababu nilimpenda.

Asubuhi baba aliamka mpole, akamwuliza mama huo uvimbe vipi. Majirani walijua, shangazi walijua, wazee wa jumuiya walijua. Wote walisema neno moja, kwamba si yeye, ni pombe tu. Mama mwenyewe alilisema huku akijikanda kwa maji ya chumvi. Nililisikia mara nyingi mpaka likapita masikioni kama salamu, bila kujiuliza hiyo pombe ni kitu gani.

Basi nikiwa darasa la tatu akaja mgeni shuleni kutufundisha madhara ya bangi. Alikuwa kijana mchangamfu kutoka mjini, mwenye picha kubwa alizozibandika ubaoni. Alituambia mvuta bangi macho yake yanakuwa mekundu, anayumba, anaongea maneno yasiyoeleweka, anasahau alichofanya jana, anakuwa mkali, anapiga hata watu wake wa nyumbani. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya dawati. Kila alichotaja baba alikuwa nacho. Mwisho akasema kwamba aliye na bangi nyumbani kwao asiogope, aandike kwenye karatasi atumbukize kwenye sanduku la maoni, na watu watakuja kuiondoa ili familia iwe na amani. Wenzangu wakainamia madawati yao. Mimi nilikuwa nataka kupiga makofi.

Hamjui furaha niliyokuwa nayo siku ile. Kumbe ugonjwa wa baba ulikuwa na jina, na wenye dawa yake walikuwa mjini hapo tu. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba ni ulanzi. Ulanzi ulikuwa kinywaji chetu, nimeunywa asubuhi ileile, na picha yake haikuwa ubaoni. Nikachana karatasi katikati ya daftari, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote: “Nyumbani kwetu kuna bangi. Naomba mje muichukue ili mama asipigwe tena.” Sikumtaja baba kuwa ndiye anayepiga, kwa sababu sikuwa na ugomvi naye. Nilitaka waichukue hiyo bangi tu, wamwache yeye. Nikaweka jina langu na la baba chini, kama tulivyofundishwa kuandika barua.

Walikuja siku ya nne, asubuhi, nikiwa nafunga kamba za viatu. Walikuwa mtendaji wa kijiji na mgambo wawili, pamoja na askari mmoja. Baba alikuwa bado hajaenda kazini, ana akili zake, na aliwapokea vizuri sana. Alisema nyumba yake haina cha kuficha, wapekue wanavyotaka. Nilisimama mlangoni nikiwasubiri waitoe. Nilitegemea kitu kikubwa, labda gunia, labda kitu chenye meno. Walifunua magodoro, wakaingiza mkono kwenye debe la mahindi, hawakupata kitu. Kisha mgambo mmoja akateremka bondeni, akarudi ameshika miche mitano iliyong'olewa na mizizi yake, na nyuma yake Baba Mdogo akiwa na mbeta mkononi. Miche ilikuwa katikati ya mahindi, karibu na mianzi. Nilikuwa nimeipita kila siku.

Baba Mdogo hakubisha. Alisema ni yake peke yake, kaka hajui na shemeji hajui. Wakamfunga mikono. Na kwa kuwa gari la kumchukua lilikuwa limechelewa, na wageni hawawezi kukaa kwa mtu mikono mitupu, baba akaagiza ulanzi wa juzi uletwe. Nilishika kopo kwa mikono yangu mwenyewe nikawapelekea. Wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wetu wakanywa, wakausifu, wakauliza nani anagema vizuri namna hii, na mgema mwenyewe ameketi chini mbele yao amefungwa kamba. Hakuna aliyeona kichekesho. Mimi pia sikuona. Nilichoona ni kwamba wanamchukua mtu wakati niliomba wachukue kitu. Gari lilipofika Baba Mdogo alinigeukia akasema, “Mama, utachelewa shule.”

Jumapili ile jumuiya ilimwombea ndugu yetu aliyepotea. Baba ndiye aliyeongoza sala, na nilikuwa nimepiga magoti karibu naye kiasi cha kusikia mkangafu kwenye pumzi yake. Nikaitikia amina kwa nguvu. Nilihuzunika kwa ajili ya Baba Mdogo, lakini moyoni nilijifariji kwamba angalau bangi imeondoka, sasa tutakaa kwa amani kama mgeni alivyoahidi.

Jumatano mama akapigwa. Alipigwa kuliko kawaida, kwa sababu baba alikuwa na hasira ya aibu ya mdogo wake. Sasa fikirini akili ya mtoto. Nilihitimisha kwamba hawakuichukua yote. Kesho yake sikwenda shule. Nilipekua nyumba nzima, chini ya vitanda, juu ya kenchi, ndani ya mfuko wa saruji, nyuma ya picha ya Bikira Maria. Mama alinikuta nimeingia kichwa ndani ya pipa la unga akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta bangi iliyobaki, ile ya baba.

Mama alikaa chini. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kwa uvimbe, akaniangalia kwa lile lingine.

“Baba yako hajawahi kuvuta bangi, mwanangu. Ile ni pombe.”

“Pombe gani?”

“Ulanzi.”

“Ulanzi huu tunaokunywa asubuhi?”

“Huohuo. Ukishalala.”

Nilitapika. Sikutapika kwa ugonjwa, nilitapika kwa sababu niliona yote kwa mara moja, sanduku la maoni, ile miche, kamba kwenye mikono ya Baba Mdogo, na kopo nililobeba mimi. Nikamwambia mama habari ya barua. Nilidhani atanichapa. Alinivuta mapajani mwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wazaliwe wadogo zangu, akaniomba nimtajie barua ile neno kwa neno. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho alianza kulia, akalia mpaka unga wa mikononi mwangu ukawa ugali kwenye kitenge chake. Akasema nisimwambie mtu. Nami niliogopa kiasi kwamba sikuhitaji kuambiwa.

Bondeni mianzi ilikauka. Baba alijaribu kugema mwenyewe siku mbili, lakini mkono wake wa kukata matofali ulikwangua vipande vinene, na siku ya tatu alisahau. Machipukizi yakajifunga yote. Mvua ikaendelea kunyesha na sisi hatukuwa na mtogwa wa asubuhi. Wadogo zangu waliuliza, na mama aliwachemshia chai ya mchaichai bila maelezo.

Baba Mdogo aliwekwa mahabusu mjini Iringa akisubiri kesi. Baba hakutaka kwenda kumwona. Alisema ni aibu, mwenyekiti wa jumuiya kuonekana kwenye foleni ya mahabusu. Mwisho ukaja ujumbe kupitia kwa mtu aliyeachiwa, kwamba mdogo wake anaomba kumwona mara moja tu, na kwamba aje na mama. Kwa maana yake mama ni mimi. Baba alinung'unika lakini tukaenda, mimi nimevaa gauni la kanisani.

Nakumbuka ukuta wa chokaa, kelele za watu wengi wanaoongea na jamaa zao kwa wakati mmoja, na wavu mzito kati yetu na yeye. Alikuwa amekonda, amenyolewa kipara, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu hakunukia kitu chochote. Tulisalimiana kwa Kihehe, kamwene, tukaulizana habari za nyumbani na za ng'ombe. Kisha akaniinamia kama zamani, akasema mwandiko wangu siku hizi umenyooka kweli. Nikarudi nyuma ya baba. Baba hakuelewa. Ndipo Baba Mdogo akamweleza, taratibu, kwamba walipomhoji walimwonyesha barua niliyoandika. Barua ilisema nyumbani kuna bangi, na ilisema pia kuna mama anayepigwa. Wakamwuliza ni nani anayempiga.

“Nilinyamaza, kaka,” alisema. “Wakaandika kwamba nimekubali ni mimi. Barua ile ina mambo mawili. La bangi ni langu, nimelijibu na nitafungwa. Lile lingine nimekubebea mpaka hapa. Siwezi kwenda nalo gerezani.”

Baba alishika wavu. Alikuwa mtu mrefu, na nilimwona akipungua. Baba Mdogo hakumsukuma, akaanza kuniuliza majibu ya kitendawili alichoniachia siku nyingi. Muda ulipokwisha baba bado alikuwa ameshika wavu, mpaka askari akamgusa bega.

Tulitembea hadi stendi. Njiani kulikuwa na kilabu, milango wazi, watu wanaimba, na mmoja akamwita baba kwa jina. Baba alisimama. Nikahesabu, nilikuwa na tabia ya kuhesabu nikiogopa, na nilifika ishirini na saba. Akaniuliza bila kuniangalia kama kweli niliamini kwamba ni bangi. Nikasema ndiyo. Akaniuliza kwa nini sikuandika jina lake kama mpigaji. Nikamwambia niliogopa wangemchukua, na sisi tulikuwa tunamtaka. Baba akapenga kamasi kwa nguvu kama mtu mwenye mafua, akanishika mkono tukapita.

Natamani niwaambie kwamba aliacha siku ile. Hakuacha. Alikaa wiki tatu bila kunywa, mikono inamtetemeka mpaka akashindwa kushika pimamaji, halafu akaanguka. Akaja jioni na zile hatua zake, tukakimbia. Lakini safari hii aliketi kizingitini hakuingia ndani, akalala palepale na baridi ile ya Iringa, na asubuhi alimwomba mama msamaha akiwa amepiga magoti, mbele yetu, bila kuitaja pombe. Hilo ndilo lililokuwa jipya. Miaka yote msamaha wake ulikuwa na pombe ndani yake, ni pombe tu, ni pombe ile. Siku ile alisema, “Ni mimi.” Alianguka mara nyingine moja baada ya hapo, wakati wa mavuno. Kisha akaenda mwenyewe kwa jumuiya, akajiuzulu uenyekiti na kuwaeleza sababu, na wazee wakamshangaa sana, wakamwambia mbona kila mtu anakunywa, asijitie makosa. Walimwombea mvuta bangi kwa machozi, na mlevi wakamsihi asijione vibaya.

Nimeishi na jambo hilo miaka mingi, na sijawa mwanasheria wala padre. Sitetei bangi. Baba Mdogo mwenyewe aliniambia baadaye kwamba ilimchukua miaka kumi ya ujana wake kwa upole, kidogo kidogo, hata hakuona ikiondoka, na yule binti aliyesubiri mshenga sidhani kama angeiita kitu kisicho na madhara. Wala sisemi kila anayekunywa anapiga. Kwenye kikao cha juzi kuna wazee waliokunywa bia zao mbili wakaenda kulala kama watoto. Ninachosema ni kwamba mtoto yule wa darasa la tatu alikosea mmea, ila hakukosea dhambi. Dhambi ilikuwa mama kupigwa. Sisi wakubwa ndio tuliokuwa tumegawa makosa kwa kuangalia kinachovutwa na kinachonywewa, tukaacha kumwangalia anayeumia.

Baba Mdogo alitumikia kifungo cha mwaka mmoja na miezi kadhaa. Siku aliporudi baba alikuwa hajagusa pombe kwa muda ambao mama aliuweka kwa alama za mkaa nyuma ya mlango. Alifika mchana, amebeba mfuko mmoja, akaniinamia na kuniita mama, na nilipoanza kumwomba radhi alinikatiza, akasema nimpe daftari jipya aone kama bado najua hesabu, si la kusokotea. Tangu siku ile sikumwona akivuta tena. Baada ya msimu mmoja alipata kibarua cha kupanda miti upande wa Mgololo, na huko alioa.

Lakini jioni ya siku ile ndiyo ninayotaka kuwaachia. Majirani walikuja kumpokea, na kwa kuwa ni majirani wa Kihehe na ulikuwa msimu wa ulanzi, walikuja na madumu mawili ya mkangafu, kumpongeza mtu aliyefungwa kwa bangi. Walikaa kwenye mabenchi uani. Sasa kwetu pombe ikishaingia uani ni ya mwenye nyumba, na mgeni hanywi mpaka mwenye nyumba ameonja mbele ya macho ya watu. Akionja, amesema kinywaji ni salama na moyo wake ni mweupe. Asipoonja, amewatukana. Hakuna namna ya tatu, na sote tulikuwa tumelisahau hilo mpaka mzee mmoja alipomimina kopo la kwanza na kumkabidhi baba.

Baba alilipokea. Povu lilikuwa likipasuka polepole juu ya lile kopo, na mkono wake ulianza ule mtetemeko niliodhani umekwisha. Nilianza kuhesabu. Baba Mdogo aliinuka nusu, akakaa tena, maana yeye ndiye mgeni na mgeni haonji. Nilifika tisa.

Mama alitoka jikoni anajifuta mikono. Hakukimbia. Alipita katikati ya wanaume wote wale, akalitoa kopo mikononi mwa baba kama mtu anayempokea mtoto, akalinyanyua akanywa mafunda mawili, akajipangusa mdomo kwa kitenge na kumpelekea yule mzee. Mzee hakulipokea. Alisema ana umri wake na hajawahi kuona mwanamke akionja wakati mwenye nyumba yupo.

“Yupo,” mama alisema. “Ameketi pale na akili zake zote. Karibuni mnywe.”

Mzee alimtazama baba, akamtazama mama, akapokea kopo kwa mikono miwili. Baba alikuwa ameinamisha uso, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikimbia nikamshika mkono nikidhani analia. Alikuwa anacheka kama baba wa mchana, na ilikuwa jioni.